Morrowind unaua yeyote, hata wa stori kuu
Kama unajiuliza kama kwenye gemu ya Morrowind unaweza kuua hata wahusika wa stori kuu, ndio inawezekana, gemu hiyo ya 2002 haikuzuii kumuua karibu mtu yeyote, hata wa kwest kuu (misheni za stori kuu), inakutolea tu ujumbe kwamba uzi wa unabii umekatika, urudishe sevu ya zamani au uendelee na dunia uliyoiharibu. Na bado stori inamalizika kwa njia ya pembeni, unachukua Wraithguard (glavu ya kichawi inayohitajika kumaliza stori) kwa maiti ya Vivec, mungu-mtu wa stori kuu, unampelekea Yagrum Bagarn, yule wa mwisho wa Dwemer, jamii iliyotoweka, anakuwezeshea kuitumia ila inakukata helthi nyingi kwa kudumu. Angalizo, ukimuua Yagrum pia hiyo njia imekufa. Nimecheza hii na Oblivion ya 2006, gemu iliyofuata kwenye mfululizo huohuo, kule watu muhimu wanazimia tu halafu wanainuka, mimi naona hapo ndo uzito wa maamuzi ulipotea.