Nilibeba jerikeni wiki tatu baada ya kupasuliwa. Je, nimejiharibu?

*Shangazi, salaam aleikum. Nina miaka 27, naishi Bombo, Uganda. Wiki tatu zilizopita nilijifungua binti kwa kupasuliwa, baada ya uchungu wa usiku kucha na mtoto kukataa kushuka. Siku ya kuruhusiwa sista aliniambia, "Usinyanyue kitu kizito," akapita kitanda cha pili. Hakusema kizito ni kipi. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njia ya Juba. Nyumbani tuko mimi, mama mkwe, kijana wangu wa miaka miwili na nusu na huyu mchanga. Jumatano maji yaliisha, nikabeba jerikeni lililojaa kutoka bombani hadi mlangoni. Nikasikia kitu kimevuta upande wa kushoto wa mshono, maumivu yakakaa siku mbili. Tangu hapo naogopa kila kitu, hata kumbeba mtoto. Mama mkwe anasema yeye kazaa saba na siku ya tatu alikuwa shambani, na kwamba mimi sikuzaa, nilitolewa mtoto nikiwa nimelala. Kijana analilia nimbebe, namsukuma, na roho inaniuma. Nimejiharibu? Nikae hivi mpaka lini? Soko nalo linaningoja, nauza dagaa. Sina senga, yaani shangazi wa kunifunda, aliye karibu wa kumuuliza.*

Waaleikum salaam, mwanangu, na hongera kwa binti. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Jerikeni moja, mvuto wa upande mmoja, maumivu ya siku mbili kisha yakatulia: kwa kawaida hilo halifumui mshono. Kinachouma namna hiyo mara nyingi ni misuli na nyama za pembeni, hasa kwenye ncha za mshono ambako mafundo ya nyuzi hukaa. Lakini mimi sikuoni, wala hukuniandikia mshono wenyewe ukoje. Kwa hiyo jikague leo hii.

Nawa mikono, lala chali, tumia kioo kidogo kama tumbo linakuzuia kuona. Mstari unatakiwa uwe mkavu na umefungana mwanzo hadi mwisho. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani kirahisi, basi tumia mgongo wa mkono: gusa kando ya mshono, kisha gusa tumbo mahali pengine, usikie kama kuna tofauti ya joto au pamekuwa pagumu. Halafu simama, weka kiganja juu ya mshono, kohoa taratibu. Ukihisi uvimbe unasukuma mkono wako, na ukilala unarudi ndani, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyouona.

Ukikuta usaha au maji yanatoka, mshono umeachana, una homa au unatetemeka, uchafu wa ukeni una harufu mbaya, damu inalowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au tumbo linazidi kuuma badala ya kupungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kikibana, pumzi zikikata, kichwa kikiuma sana na macho yakiona ukungu, au mkojo ukivuja wenyewe. Hata kama ni usiku. Na hata usipoona lolote kati ya hayo, kwa sababu ulisikia kitu kimevuta, usingoje kliniki ya wiki ya sita. Nenda wiki hii mkunga akutazame, moyo wako utulie.

Sasa hilo neno "kizito". Najua wodi zimejaa na masista wachache, lakini kumwambia mama nusu ya sentensi kisha kumrudisha kwenye nyumba isiyo na bomba ndani si haki. Acha nikumalizie.

Daktari anapofika kwa mtoto amepita ngozi, mafuta, kisha utando mgumu mweupe unaoshikilia tumbo lote, akaitenganisha misuli, akapasua ngozi laini ya ndani, ndipo akaufikia mfuko wa uzazi. Kisha akarudi akishona. Ngozi ya juu hufunga kwa siku kumi hivi, ndiyo maana ukijitazama unaona umepona, na mama mkwe akichungulia naye anaona umepona. Ule utando mgumu hauna haraka hiyo. Wiki ya sita inafika ukiwa bado haujarudisha nguvu zake zote, na huendelea kukaza kwa miezi. Na ndio huo unaofanya kazi kila unapokaza tumbo kunyanyua kitu. Ukizidiwa mapema, matumbo hupata mwanya, na baadaye mtu akajikuta na ngiri kwenye kovu. Haimpati kila mtu, lakini hakuna sababu ya kuikaribisha.

Kipimo wanachotoa wakunga na madaktari wengi kwa wiki sita za mwanzo ni hiki: usinyanyue kilicho kizito kuliko mtoto wako mchanga. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jerikeni la kawaida la lita 20 ni kilo 20, na binti yako wa wiki tatu huenda hajafika hata 5, basi piga hesabu. Kijana wako yuko kwenye kilo 12 au zaidi. Mkungu wa matoke, beseni la nguo zilizolowa, gunia la dagaa, vyote havimo. Na kuna kazi ambazo hakuna mtu anayeziita kunyanyua, ila tumbo linazijua: kusonga posho (ugali) ya watu wengi, kukamua shuka nzito, kupalilia, kutwanga. Waachie wengine kwanza. Ukiwa na shaka na kitu, kijaribu kidogo tu. Ikibidi uzuie pumzi ndipo kiinuke, kiache hapo kilipo.

Maji ya kunywa yachukue kwa jagi. Jerikeni likishafikishwa ndani, usiliinue kumimina. Chota kwa kikombe.

Ila upande wa pili wa barua yako umenitia wasiwasi zaidi kuliko jerikeni. Umeacha hata kumbeba mtoto. Mwanangu, huyo mchanga ni wako kumbeba, na wala hakuna aliyekukataza. Kukaa kitako siku nzima kuna hatari yake, kwa sababu mama aliyejifungua damu yake huganda kirahisi, na aliyepasuliwa zaidi, na damu iliyoganda mguuni inaweza kupanda hadi mapafuni. Kutembea ni sehemu ya matibabu. Zunguka uani asubuhi, fika kwa jirani jioni, kesho ongeza kidogo. Ukichoka, kaa.

Jinsi ya kuinuka ndiyo inayokuumiza bure. Usiamke kama zamani, kifua mbele. Geuka kwanza ubavu, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Kama unalala kwenye godoro la chini, omba kitanda hata cha kuazima kwa wiki hizi, kwa sababu kuinuka kutoka sakafuni ndiko kunakolikaza tumbo zaidi. Ukitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, shikiza mto mdogo au leso iliyokunjwa juu ya mshono. Kumwinua mtoto, msogelee kabisa, kunja magoti, mvute kifuani, toa pumzi huku unasimama. Kunyonyesha, jaribu kulala ubavu, au mpitishe chini ya kwapa miguu yake ikielekea mgongoni kwako, asikulalie mshono.

Na kijana, usimsukume tena. Miaka miwili na nusu hajui mshono ni nini. Anachojua ni kwamba mama alienda akarudi na mtu mwingine. Kaa kwenye benchi umwambie apande mwenyewe. Akishafika mapajani mkumbatie utakavyo. Akitaka kubebwa umesimama, mpe mkono mtembee wote. Mwonyeshe plasta au kovu, umwambie, "Mama ana kidonda hapa." Watoto wa umri huo wakipewa kazi ya kulinda kidonda huilinda kweli.

Sasa mama mkwe. Sitaki umjibu kwa hasira, kwa sababu ndiye mtu mzima pekee uliye naye humo ndani. Lakini nataka ujue moyoni kwamba maneno yake si kweli. Umezaa. Ulikesha na uchungu, na ulipopasuliwa walikata tabaka baada ya tabaka la mwili wako ili binti atoke hai. Wala kupasuliwa si mambo ya kigeni yaliyoletwa juzi kuwafanya wanawake wetu wavivu. Mwaka 1879, mahali paitwapo Kahura katika ufalme wa Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin alimshuhudia mganga wa huko akimpasua mama mjamzito. Mama huyo alinyweshwa pombe ya ndizi, na mikono ya mganga na tumbo la mama vikaoshwa kwa pombe hiyo hiyo. Jeraha likafungwa kwa vipande vyembamba vya chuma vilivyozungushiwa uzi wa gome la mti, likapakwa dawa ya mizizi. Siku ya 11 lilikuwa limefunga, mama na mtoto wazima. Na katika siku hizo za mwanzo, kwa kuwa maziwa ya mama yalikuwa machache, mtoto alinyonyeshwa zaidi na rafiki wa mama huyo. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Hata wakati huo, hapa hapa Uganda, aliyepasuliwa alikuwa na mtu wa kumsaidia.

Mama mkwe wako, kama ni mtu wa Bombo, anaijua arobaini vizuri kuliko mimi na wewe. Mzazi hukaa siku 40 akipikiwa, akiogeshewa mtoto. Wiki sita za daktari ni siku 42. Daktari na mila wanasema karibu kitu kimoja, kwa hiyo shikia hapo. Mwambie kwa heshima, mkiwa wawili, bila watu: "Mama, nakuomba unimalizie arobaini yangu. Mtoto nitambeba mimi, kupika chakula chepesi nitapika, lakini maji na mizigo hospitali imenikataza." Kisha ukienda kwa mkunga wiki hii, nenda naye. Mwombe akushikie mtoto. Mbele ya mkunga uliza kwa sauti, "Sista, naruhusiwa kubeba jerikeni?" Jibu alisikie kwa masikio yake.

Baba wa mtoto naye ana sehemu yake, hata akiwa Juba. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mwanamume aliyeajiriwa siku nne za kazi zenye mshahara mkewe anapojifungua. Mama aliyeajiriwa hupewa siku 60 za kazi. Wewe wa soko hakuna anayekuandikia likizo, kwa hiyo likizo yako itatoka mfukoni mwa mumeo. Mpigie simu, usimwambie tu "naumwa." Mwambie kuna maji ya kuchotwa kila siku kwa wiki tatu zilizobaki, jerikeni kadhaa kwa siku, na kijana wa mtaani anayechota anataka kiasi fulani. Mpe jumla. Hela hiyo aitume kwa simu kabla ya nyingine yoyote. Wanaume wengi hawakatai. Hawajawahi tu kupigiwa hesabu.

Mambo mengine kwa haraka. Usikubali kukandwa tumbo kwa maji ya moto wala kupakwa chumvi, majivu au majani juu ya mshono. Ngozi ya hapo bado ina ganzi, unaweza kuungua usisikie. Oga maji ya kawaida, kausha kwa kitambaa safi, acha hewa ipite. Leso ya kushikilia tumbo si vibaya ikifungwa kwa upole, isiyokubana wala kuloa jasho. Kula mboga, maharage na mapapai, kunywa maji mengi, kwa sababu kujikamua chooni kunaumiza mshono sawasawa na mzigo. Kama ulipewa vidonge vya damu, vimalize. Na kama kilio na hofu hii vinakufuata kila siku hata baada ya kuambiwa mshono ni mzima, umwambie sista hilo pia. Lina matibabu kama kidonda kingine.

Soko lisubiri. Wiki ya sita binti anaenda chanjo, nawe siku hiyo hiyo omba upimwe. Zungumzeni pia uzazi wa mpango, maana mfuko wa uzazi wenye kovu unahitaji muda, na ushauri ni miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. Karatasi ya hospitali inayoeleza ulivyopasuliwa iweke mahali pasipopotea. Mimba ijayo utaionyesha mapema, na utajifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, si nyumbani. Ukiruhusiwa kurudi sokoni, anza nusu siku, kaa kwenye kiti, na magunia yapakuliwe na mwingine. Gawa dagaa kwenye mifuko midogo tangu nyumbani.

Niandikie ukitoka kwa mkunga, uniambie alichosema, na kama hela ya maji imefika.