Unaanza kupima mbegu za ubuyu maabara? Anza na mfuko wenyewe

Mwanafunzi mpya akiingia maabara na mfuko wa mbegu za porini, iwe ubuyu, ukwaju au mng'ongo, kitu cha kwanza anachouliza ni mashine ipi ina nafasi. Mimi humuuliza mfuko umetoka kwenye miti mingapi. Mara nyingi hajui, kwa sababu amenunua sokoni. Nitaongea kwa mfano wa ubuyu kwa kuwa ndio ninaoufahamu vizuri, lakini mengi yanahusu mbegu yoyote ya porini inayoliwa.

Mbegu za sokoni zimechanganywa. Hujui zilichumwa lini, zilihifadhiwa wapi, wala kama ziliwahi kulowa na kuota ukungu. Kubwa zaidi ni hili: mibuyu hutofautiana, hata miwili iliyosimama shamba moja. Ukichota vijiko vitatu kutoka mfuko mmoja ukapima kila kimoja, umepima uthabiti wa mkono wako na wa mashine. Kuhusu mibuyu ya Dodoma au Kitui hujasema lolote, hata kama jedwali lako lina wastani na mkengeuko uliopangwa vizuri. Nenda kwenye miti yenyewe, weka mbegu za kila mti kwenye bahasha yake, andika tarehe na majiranukta ya GPS ya mahali mti uliposimama, na upime kila mti peke yake. Ni kazi zaidi, najua, na msimamizi anaweza kukwambia huo ni muda mwingi. Ni afadhali umalize na vipimo vichache kwa miti mingi kuliko vipimo ishirini kwa mfuko mmoja.

Ukiwa huko, kata tawi lenye majani, na maua kama yapo, ulipeleke hebaria, yaani hifadhi ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa. Nairobi ipo ya Makumbusho ya Taifa, Tanzania ipo ya taifa Arusha na nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbuyu kila mtu anautambua, sawa, lakini kwa mimea mingine jina moja la kienyeji hubeba spishi mbili au tatu, na jarida litakuuliza namba ya kielelezo.

Sasa kusafisha. Mbegu ikitoka kwenye buyu imevaa unga mweupe na nyuzi nyekundu. Isugue ndani ya maji kwa vidole, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi, halafu kausha. Watu hupita hapa haraka, na hapa ndipo namba zinapoharibika. Unga ule una vitamini C nyingi. Kipimo cha fenoli (kemikali za mimea zinazosifiwa kama vizuia-oksidi) kinachotumika kila mahali, kile cha Folin na Ciocalteu cha mwaka 1927, hakichagui fenoli peke yake: kinageuka buluu mbele ya chochote chenye uwezo wa kutoa elektroni, ikiwemo vitamini C, baadhi ya sukari na baadhi ya protini. Mbegu isiyosuguliwa itakupa "fenoli" nyingi za kupendeza ambazo kwa sehemu ni mabaki ya unga.

Amua pia mapema kama unapima mbegu nzima au kiini. Ganda la ubuyu ni gumu na zito, limejaa nyuzinyuzi. Mafuta na protini vimo zaidi kwenye kiini. Ndiyo maana makala mbili za spishi ileile hutoa namba ambazo hazifanani kabisa. Uliza watu wanaokula wanakulaje. Wakikaanga mbegu kwanza kisha wakazitwanga, pima na zilizokaangwa, lakini ujue kuwa kukaanga huzalisha rangi ya kahawia ambayo nayo husomeka kama kizuia-oksidi. Kupanda kwa namba baada ya kukaanga si lazima kuwe kwa sababu ya fenoli.

Kusaga: kiini kina mafuta, na blenda ikipata joto unga hugeuka uji mzito unaong'ang'ania kuta. Gandisha mbegu kwanza, saga kwa mipigo mifupi, chekecha, kisha toa mafuta kwa heksani (kiyeyusho cha mafuta) kwenye Soxhlet, kifaa cha kuosha unga kwa kiyeyusho tena na tena, kabla hujagusa fenoli au tanini. Unga unaobaki uuweke kwenye friza, mahali pa giza.

Mafuta yenyewe yanahitaji heshima. Mafuta ya mbegu za ubuyu yana asidi za mafuta zenye pete ya siklopropeni, hasa malvaliki na stekuliki, ambazo hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya oleiki mwilini. Hizo hizo zimo kwenye mafuta ghafi ya mbegu za pamba, na kuku wakilishwa mbegu hizo ute mweupe wa mayai unaweza kugeuka waridi. Ukitayarisha esta za methili (umbo ambalo asidi za mafuta hugeuzwa ili zisomeke kwenye kromatografu, mashine ya kuzitenganisha) kwa asidi, kama maabara nyingi zinavyofanya kwa mazoea, pete hiyo huvunjika na kromatografu itakuonyesha mafuta yasiyo na tatizo. Tumia njia ya besi, yaani methoksidi ya sodiamu. Kama huna kromatografu, kipimo cha Halphen kikitoa rangi nyekundu kinatosha kukuambia kuwa zipo.

Kuhusu protini nitasema machache: kipimo cha Kjeldahl kinapima nitrojeni, ya protini na hata isiyo ya protini, kwa hiyo andika kizidishio ulichotumia kuigeuza kuwa protini, na useme kama asilimia zako ni za uzito mkavu.

Halafu ile sehemu kila mtu anaipenda, "shughuli ya kibiolojia". DPPH, kemikali ya kupimia vizuia-oksidi, ikigeuka kutoka zambarau hadi njano, umeona mmenyuko ndani ya methanoli. Hujaona dawa ya kisukari. Kwa bakteria, usilinganishe vipenyo vya miduara kati ya dondoo la maji na la heksani, kwa sababu vitu vya mafuta havisambai vizuri kwenye agari; pima kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria kiwango cha chini cha dondoo kinachowazuia kukua, na kila sahani iwe na kisima cha DMSO (kiyeyusho cha dondoo) peke yake. Dondoo ghafi linalohitaji miligramu kadhaa kwa mililita ili bakteria asimame si habari kubwa, hata kama kisanduku cha hitimisho kinakushawishi uandike vinginevyo.

Jambo la mwisho ni utangulizi wa tasnifu. Wengi hunukuu kwamba Umoja wa Ulaya uliruhusu ubuyu kuwa chakula kipya mwaka 2008, na Marekani ikafuata 2009. Kilichoruhusiwa ni unga mkavu wa tunda. Ukiutumia uamuzi huo kutetea usalama wa mbegu, mtahini wa nje ataanza nao, kisha atakuuliza habari za siklopropeni.