Kunyonywa mafuta ya tumbo: jibu kwa dada wa Malindi

Dada yangu, umeuliza iwapo kunyonywa mafuta kutakuondolea tumbo lililobaki baada ya uzazi wa tatu. Mafuta ya chini ya ngozi, ndiyo. Ngozi iliyolegea na misuli iliyoachana, la. Wala si njia ya kupunguza uzito: ukitolewa zaidi ya lita 5 kwa mara moja, hatari hupanda.

Kinachonitia hofu zaidi ni damu kuganda mguuni ikapanda mapafuni. Kwa hiyo usipande matatu kesho yake kurudi Malindi. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 120 umekunja magoti. Kaa kwa jamaa kwanza, utembeetembee. Jina la daktari litafute kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, umuulize nani atakayekutia usingizi. Pumzi zikibana, kimbilia hospitali usiku huohuo.