Kabla ya kuandika 20 kwenye chati, hesabu kwanza

Nyie mnaoanza fildi wodini, fungueni chati ya mgonjwa yeyote mwangalie safu ya upumuaji. Mara nyingi mtakuta 20, 20, 20, asubuhi hadi usiku, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa amri moja. Joto lina kipimajoto, presha ina mashine, mapigo unayapata kwenye kile kifaa cha kidoleni. Pumzi inadai macho yako na dakika yako, ndiyo maana inabuniwa.

Na pumzi ndiyo huwahi kusema kwamba mgonjwa anazidiwa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukimkuta na 28, hata kama presha ni nzuri na anapiga soga na ndugu zake, kuna jambo: pengine maambukizi yameingia kwenye damu, mapafu yana shida, au sukari imepanda mpaka damu imekuwa na asidi. Presha mara nyingi hushuka baadaye, mwili ukishachoka kujitetea.

Usimwambie kwamba unahesabu pumzi, maana akijua tu atabadilisha. Mimi huendelea kushika mkono wake kama bado napima mapigo, huku macho yakiwa kifuani. Kama amejifunika khanga, laza mkono wake juu ya tumbo uutazame unavyopanda na kushuka. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 kisha ukazidisha kwa nne, pumzi moja iliyokupita inakuwa nne. Mtoto mhesabu kabla hujamgusa, kwa sababu akishalia umeshachelewa. Mwenye kikohozi wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, fikiria nimonia.

Ukipata namba mbaya, ihakiki kisha piga simu ukiwa na vipimo vyote: "Daktari, pumzi zilikuwa 18 asubuhi, sasa ni 28, oksijeni 91, naomba uje umwone." Ukisema tu "hali yake si nzuri" utaulizwa presha, utarudi mbio kuipima. Andika na saa uliyopiga.

Jingine ni majina. Sisi tunaitana Mama Juma, Baba Neema, na wodini Mama Juma wanaweza kuwa wawili. Ukiuliza "Wewe ndiye Mama Juma?" mwenye homa ataitika hata kama siye, na bibi mwenye masikio mazito ataitika kwa heshima tu. Muulize, "Mama, majina yako kamili ni nani?" ayataje mwenyewe, kisha linganisha na faili na namba yake. Namba ya kitanda isikudanganye. Watu huhama kufuata feni. Na mgonjwa akikwambia, "Sista, jana vidonge havikuwa hivi," usimjibu "meza tu." Rudisha kikombe, kasome upya karatasi ya dawa.

Mikono mnaijua: kitakasa sekunde 20 hadi 30, sabuni na maji 40 hadi 60, na glavu si badala ya kunawa. Dripu nayo ihesabuni. Lita 1 kwa saa 8, kwa seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita, ni takribani matone 42 kwa dakika.

Asiyejigeuza mgeuze kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgandamizo, na mfundishe ndugu anayemuuguza, maana zamu ya usiku mko wachache. Mkimwogesha, kagueni visigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi unaweza usiuone kabisa. Gusa kwa mgongo wa mkono, linganisha na ngozi ya jirani: panapokuwa pa moto, pagumu, au mgonjwa anaposhtuka kwa maumivu, asilazwe tena upande huo.