Re: Dalali anadai hela kila akinionyesha nyumba

Ndugu, umeuliza kama umlipe dalali elfu ishirini kila anapokupeleka kuona nyumba ya kununua Ngamiani, Tanga. Mimi nililipa mara tatu: mbili zilikuwa zimeshauzwa, ya tatu mwenye nyumba hakumjua hata huyo dalali! Mpe nauli ya bajaji, basi. Chake atakipata siku ya mauziano, na muandikishane mapema ni kiasi gani na nani anamlipa.

Mwenye nyumba muone ana kwa ana. Nakala ya hati ipeleke ofisi ya ardhi wakague jina na kama imewekwa rehani benki. Muulizie na mkewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza nyumba ya familia ikiuzwa. Kisha kanywe kahawa baraza ya jirani, utaambiwa yote.