Krediti za chuo kwa mtihani wa CLEP: usianze na mtihani rahisi

Ndugu unayeanza chuo Marekani huku ukifanya kazi za usiku, lazima umeshaambiwa kwamba kuna masomo unaweza kuyaruka kwa kufanya mtihani mmoja tu. Ukipita, chuo kinakuandikia krediti, yaani pointi za masomo zinazohesabiwa kuelekea shahada, bila kukaa darasani. Ni kweli, na mtihani unaozungumzwa sana ni CLEP (College-Level Examination Program). Ila karibu kila anayenifuata huanza na swali moja: "Upi ni rahisi?" Swali hilo huja mwisho. La kwanza ni hili: shahada yako inadai nini?

CLEP inaendeshwa na College Board, wale wale wa SAT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni, na ipo tangu 1967. Mitihani ni 34, kuanzia aljebra, saikolojia na sosholojia hadi historia ya Marekani, uhasibu na masoko. Mingi huchukua dakika 90 kwenye kompyuta, na kwa sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua jibu. Jibu baya halikupunguzii alama, kwa hiyo usiache swali wazi. Alama ni kati ya 20 na 80, na kwa mitihani mingi pendekezo ni chuo kikupe krediti ukifikisha 50. Kwa kawaida alama hizo haziingii kwenye GPA, yaani wastani wa gredi zako. Kwa mitihani mingi, ukiacha ya lugha, aliyepata 52 na aliyepata 75 wanaandikiwa krediti zile zile. Soma upite, halafu hamia mtihani mwingine. Ada ni karibu dola 100, na kituo cha mtihani huongeza ya kwao. Linganisha na bei ya somo la krediti 3 chuoni kwako, utaona kwa nini watu wanaukimbilia.

Sasa turudi kwenye shahada. Shahada ya kwanza ni krediti 120 hivi, ile ya miaka miwili 60. Krediti hizo zimegawanywa: za lazima kwa kila mwanafunzi, za fani yako, na za hiari. Chukua mtu anayesomea uuguzi. Amesikia masoko na uongozi wa biashara ni mitihani myepesi, kafanya yote miwili, kapita, chuo kimempa krediti 6. Zote zimeangukia kwenye za hiari, na uuguzi una nafasi chache mno za hiari. Transkripti, yaani rekodi yake ya masomo, imenenepa, lakini masomo yaliyobaki ni yale yale. Mtu huyo huyo angefanya saikolojia ya utangulizi au ukuaji wa binadamu, ambayo programu nyingi za uuguzi huyataka, angekuwa amepunguza kitu. Hata hapo aulize kwanza, kwa sababu baadhi ya programu hizo zinataka somo la msingi liwe na gredi ya herufi, na CLEP haina herufi. Anatomia usihangaike kuitafuta, haipo kwenye CLEP.

Kila chuo kinachopokea CLEP kina jedwali lake: jina la mtihani, alama ya chini, na msimbo wa somo utakalohesabiwa. Macho yako yatue kwenye msimbo. Ukifanana na ulio kwenye mpango wako wa masomo, jiandikishe. Ukiwa msimbo wa jumla wa somo la hiari, fikiri mara mbili. Mwandikie mshauri wa masomo barua pepe badala ya kumuuliza mdomo. Washauri hubadilika, maandishi hubaki. Na kama uko chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) ukipanga kuhamia chuo kikuu, soma jedwali la huko unakokwenda. Chuo kikuu hakilazimiki kukubali kilichokubaliwa na chuo cha jamii, na mara nyingi kitadai matokeo yenyewe kutoka College Board.

Kwa mliotoka Kongo, Burundi au Rwanda na mlisoma kwa Kifaransa, hapa kuna mali mmeikalia. Mtihani wa Kifaransa wa CLEP ni kusikiliza na kusoma tu, hakuna insha. Pendekezo ni krediti 6 kwa alama 50, na krediti 9 kwa alama 59. Shahada nyingi za sanaa zinadai lugha ya kigeni, na nyingine hazidai kabisa, kwa hiyo jedwali tena. Kiswahili hakimo kwenye CLEP. Kuna mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha, unaofanyika kwa Kiswahili. Uliza kama chuo chako kinaupokea.

Aliyesoma chuo nyumbani atangulize tathmini ya vyeti vyake. Huenda somo unalotaka kulifanyia mtihani tayari umehesabiwa, na hakuna chuo kinachotoa krediti mara mbili kwa somo moja.

Kujiandaa si lazima kulipie. Modern States, shirika la hisani la elimu, ina kozi za bure mtandaoni kwa mitihani hii, na ukimaliza kozi wanakupa vocha inayolipa ada ya mtihani. Ukifeli, utasubiri miezi mitatu kabla ya kuurudia mtihani ule ule, kwa hiyo usiupange wiki ya mwisho kabla ya muhula.

Jambo moja linawaponza wengi: krediti za CLEP hazihesabiki kama masomo unayosoma muhula huo. Mwenye visa ya F-1, ile ya wanafunzi, bado anahitaji krediti 12 za darasani katika shahada ya kwanza, na anayepokea Pell Grant, msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, akipunguza masomo kwa kuwa amepita mtihani, msaada wake nao hupungua. Piga hesabu na ofisi ya msaada wa fedha kabla ya kufuta somo lolote.

Siku ya mtihani, jina ulilojiandikisha lifanane na kitambulisho chako, hasa sisi wenye majina matatu yaliyopangwa kila karatasi kivyake. Taja chuo chako kabla ya kuanza, matokeo yatumwe huko bila malipo ya ziada. Baada ya wiki chache fungua transkripti yako. Kama krediti hazijaonekana, au zimeingia kwa msimbo usio wako, nenda kwa msajili na ile barua pepe ya mshauri mkononi.