Kwa mnaoanza kupandisha wageni Kilimanjaro

Mdogo wangu, najua kanda umeshazikariri: mashamba, msitu, vichaka, jangwa, barafu. Ni vizuri. Ila siku mgeni atakaposimama akakuuliza, "Mbona miti imeishia hapa?", orodha hiyo haitakuokoa. Fuatilia maji, baridi na moto, majibu mengi yako humo.

Anza kujifunza kabla ya geti. Ukitoka Moshi mjini kwenda Marangu unapita vihambani, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga: migomba, kahawa, mimea ya isale mipakani. Kadiri unavyopanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii kila mita 100. Mvua haina mwenendo huo. Upande wa kusini huongezeka mpaka ndani ya msitu, kwenye mita 2,200 hivi, halafu huanza kupungua, ndiyo maana ukikaribia Kibo, kilele kikuu, unakanyaga vumbi huku barafu unaiona juu yako. Na upande una uzito wake. Njia ya Rongai, kaskazini, ni kukavu, utakuta miti ya mitarakwa. Usimweleze mgeni wa Rongai msitu wa Machame, ule wa kusini.

Ukifika kambi ya Horombo, mita 3,720, usiwe na haraka. Huko mchana jua linachoma na usiku maji yanaganda, mwaka mzima. Angalia senesio, ile miti minene yenye vichwa vya majani: majani yakikauka hayadondoki, yanalivika shina kama koti zito. Mtu asiyachune, hata awe anatania, maana shina likibaki uchi baridi inaliingia.

Lobelia, mmea mwingine wa huko juu, iangalie alfajiri, kabla jua halijaifikia. Inama kabisa. Majani yamejikunja kuelekea katikati, yamefunika kichipukizi, na kati yake kuna maji yaliyoshika utando wa barafu juu. Chini ya utando bado ni maji, na kichipukizi kiko salama humo. Jua likipanda, majani yanafunguka. Mimi hapo huwaacha wageni wakae watakavyo, hata kama wapishi wananisubiri. Sharti ni moja tu: waangalie kwa macho, wasitie kidole.

Sasa lile swali la miti. Mara nyingi kilichoizuia si baridi, ni moto. Moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na misitu ya erika, miti midogo ya huko juu ya msitu, imeliwa sehemu kubwa. Hasara hiyo inatufikia mpaka huku chini, kwa sababu erika ndiyo inayonasa maji ya ukungu na kuyadondosha ardhini. Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, mahali pa kupumzikia kati ya kambi za Mandara na Horombo, ukaenea siku nyingi. Mkipumzika pale, waeleze wageni hilo. Halafu kabla hamjaondoka pita ulipokaa msafara, wapagazi na wageni wote, uhakikishe hakuna kipisi cha sigara kilichobaki kwenye majani makavu.